HMS Petard na msafara wa KR 8: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiitaja Petard huko Uingereza, watu watakusimulia habari za vitabu vya siri vya Wajerumani. Ukimtajia mtu ambaye babu yake alikwenda vita vya Bama (Burma), atakuuliza kuhusu meli iliyotoka Kilindini ikazama na vijana wa mizinga. Manowari ni ileile. Hapa nimejibu maswali yanayorudi kila mara. Sehemu ya tatu, ya msafara wa KR 8 uliotoka Kilindini kwenda Colombo Februari 1944, ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu waliokuwa majini siku meli ile ilipozama ni watu wetu.

## Kuifahamu meli

1. Petard ilikuwa meli ya aina gani?

Ilikuwa destroya, yaani manowari nyembamba na yenye mbio, iliyojengwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs kwenye mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Ilishushwa majini Machi 1941 na kuanza kazi Juni 1942. Urefu wake ulikuwa kama mita 105, uzito tani 1,540 bila mafuta na shehena. Mbio zake zilifika noti 37 hivi, karibu kilomita 68 kwa saa. Ilikuwa na mizinga minne ya inchi nne, mitambo ya kurushia torpedo, na mabomu ya kuwindia nyambizi.

Petard ni jina la baruti ya zamani iliyotumika kuvunjia malango ya ngome.

2. Kusindikiza msafara maana yake nini hasa?

Wakati wa vita, meli za mizigo na za abiria hazikuachwa zisafiri moja moja. Zilikusanywa, zikapangwa kwa safu na kwenda kwa mwendo mmoja, huku manowari zikiwa pembeni na mbele. Msindikizaji hana shehena. Kazi yake ni kukaa kati ya adui na meli zenye watu, na adui akijitokeza, kumshughulisha mpaka msafara upotee machoni pake.

Sehemu ya pili ya kazi hiyo husahaulika kirahisi. Meli moja ikipigwa, bado kuna nyingine zilizobaki, na msindikizaji anawajibika kwa zile zilizobaki kwanza. Shika hilo, maana ndilo litakalokusaidia kulielewa jibu la swali la 11.

3. "Asdiki" na "mabomu ya kina" vilifanyaje kazi?

Asdiki ndiyo sonari ya leo. Chombo kilicho chini ya meli hupiga mlio majini. Mlio ukigonga kitu, hurudi kama mwangwi. Baharia anayesikiliza hupima muda wa kwenda na kurudi akajua umbali, na kwa kukigeuza chombo anajua upande.

Bomu la kina ni pipa la chuma lililojaa baruti. Huporomoshwa kutoka tezi au hurushwa ubavuni, na kilipuzi chake husukumwa na uzito wa maji. Mabaharia hukitega mapema ili kilipuke kwenye kina wanachotaka.

Tatizo ni kwamba meli ikiikaribia sana nyambizi, mwangwi hupotea. Hatua za mwisho meli huenda kwa kukisia, tena lazima iende mbio, la sivyo bomu lake litaipasulia tezi yake yenyewe. Kwa hiyo manowari inayoshambulia haiwezi kunyemelea polepole ikichagua pa kupita. Inakwenda moja kwa moja, na kilicho mbele yake kimo njiani.

4. Kwa nini inaitwa meli ya pekee?

Kwa sababu ilishiriki kuzizamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya Mhimili: U-559 ya Ujerumani tarehe 30 Oktoba 1942, Uarsciek ya Italia tarehe 15 Desemba 1942, na I-27 ya Japani tarehe 12 Februari 1944. Hakuna meli nyingine iliyofanya hivyo.

Hilo jina la Uarsciek litazame vizuri. Waitalia waliziita nyambizi za kundi lile kwa majina ya mahali katika makoloni yao na kwingineko Afrika. Uarsciek ni Warsheikh, mji wa pwani ya Benadir, kaskazini mwa Mogadishu. Jina la mji wa Kisomali likaenda kuzama kusini mwa Malta, baada ya nyambizi hiyo kushambuliwa na Petard pamoja na destroya ya Kigiriki, Vasilissa Olga. Mabaharia waliipanda wakachukua nyaraka, wakajaribu kuivuta kwa kamba, ikawashinda ikazama.

## Mediterania

5. Vitabu vya siri vilipatikanaje?

Tarehe 30 Oktoba 1942 ndege ya doria iliiona U-559 mashariki mwa mdomo wa mto Nile. Destroya kadhaa, Petard miongoni mwao, ziliiwinda mchana kutwa na kuiandama usiku kwa mabomu ya kina. Mwishowe ikapanda juu imevunjika, na Wajerumani wakaanza kujirusha baharini.

Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani ya nyambizi ile iliyokuwa ikizama. Akawafuata Tommy Brown, kijana wa kantini. Kwa maelezo ya Brown mwenyewe, taa zilikuwa zimezimika na Fasson alikuwa na tochi. Maji yalikuwa yakipanda taratibu. Fasson alivunja makabati ya chumba cha kamanda kwa bunduki, kisha akajaribu funguo zilizoning'inia nyuma ya mlango. Droo ikafunguka, akatoa vitabu. Brown akavipandisha ngazi na kuwakabidhi wenzake waliokuwa kwenye mashua, akarudi, akapandisha tena. Mara ya mwisho akiwa juu aliwaita watoke. Walikuwa wameanza kupanda nyambizi ilipodidimia ghafla ikawachukua.

Vitabu vile vilifika Bletchley Park, kituo cha wavunja-siri huko Uingereza, mwezi Novemba. Tangu Februari 1942 wataalamu wa huko walikuwa hawazisomi ujumbe wa nyambizi za Atlantiki, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameongeza gurudumu la nne kwenye Enigma, mashine yao ya kuandikia ujumbe wa siri. Desemba 1942 wakaanza kusoma tena, na misafara ikaweza kuelekezwa mbali na mahali nyambizi zilipojipanga.

6. Fasson, Grazier na Brown walipewa nini?

Fasson na Grazier walipewa Msalaba wa George baada ya kufa, Brown akapewa Nishani ya George. Hawakupewa Msalaba wa Victoria kwa kuwa nishani hiyo hutolewa kwa ushujaa mbele ya adui anayepigana, na adui alikuwa ameshaiacha nyambizi. Sababu hasa ya ushujaa wao kuwa na thamani kubwa namna ile ilifichwa kwa miongo mitatu.

Brown alikuwa na miaka 16. Alidanganya umri ili apate kazi. Ulipojulikana, akaondolewa melini. Mwaka 1945 alikufa katika moto nyumbani kwao North Shields, akijaribu kumwokoa mdogo wake wa kike. Kijana aliyetoka ndani ya nyambizi inayozama, moto ukamkuta kwao.

7. Je, huko Mediterania ilikuwa mwindaji tu, au ilisindikiza pia?

Ilisindikiza sana. Novemba 1942 ilikuwamo kwenye msafara wa Stoneage uliopeleka chakula na mafuta Malta. Katika safari hiyo kruza Arethusa, manowari kubwa kuliko destroya, ilipigwa na torpedo ya ndege, na Petard ikaivuta kurudi Alexandria, tezi mbele. Mwaka 1943 ilikuwa visiwa vya Ugiriki, ikipeleka askari Leros usiku usiku chini ya mashambulizi ya ndege. Mwanzoni mwa 1944 ikahamishiwa Bahari ya Hindi, chini ya Kamanda Rupert Egan.

## Msafara wa KR 8

8. Kwa nini askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakipelekwa Ceylon?

Wajapani walikuwa wameiteka Bama, yaani Burma, na jeshi la Waingereza lilihitaji askari wa kupigana msituni. Askari wetu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliovuka bahari walipita Ceylon, Sri Lanka ya leo, kufanya mazoezi kabla ya kuingia vitani.

Kilindini yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa bandari kubwa ya vita. Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee Aprili 1942, Admeri James Somerville alizihamishia meli zake za kivita Mombasa. Hata wavunja-siri wake walikuja, wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram. Mwanafunzi anayepita pale leo anapita mahali palipokuwa pakisikilizwa redio za Wajapani.

9. Msafara ulikuwa na meli zipi, na nani walikuwa ndani ya Khedive Ismail?

Meli za askari zilikuwa tano: Khedive Ismail, Ekma, Ellenga, Varsova na City of Paris. Ziliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, zikiwa na kruza kongwe Hawkins. Petard na dada yake Paladin zilijiunga nazo baharini siku chache baadaye.

Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, maofisa na askari 996. Walikuwamo pia mabaharia wa meli yenyewe, wanajeshi wa majini wa Uingereza wapatao 270, na wanawake 83, wengi wao wauguzi wa jeshi.

10. Nini kilitokea tarehe 12 Februari 1944?

Ilikuwa Jumamosi. Kaskazi, bahari shwari, joto. Msafara ulikuwa karibu na Maldivi, kwenye mlango wa bahari uitwao Nyuzi Moja na Nusu. Baada ya chakula cha mchana, abiria wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki, na askari wengi walikuwa chini, kwenye vyumba vyao vya tumboni mwa meli.

Yapata saa nane na nusu torpedo mbili za I-27 ziliipiga. Khedive Ismail ililala ubavu, ikakatika, ikazama. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Hesabu dakika mbili kwa saa ya mkononi, ukijifikiria uko deki ya chini, ngazi ni moja na watu ni mamia, sakafu imeshakuwa ukuta. Mashua hazikuwahi kushushwa. Walionusurika, wengi walikuwa juu ya deki au walisukumwa nje na maji.

11. Ni kweli Petard ilitupa mabomu mahali walipokuwa watu?

Ni kweli. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na aghalabu anayeuliza hutaraji nilikanushe.

Meli zilizobaki zilitawanyika na Hawkins zikaendelea na safari. Petard na Paladin zikageuka nyuma. Paladin ikashusha mashua kuokoa watu. Asdiki ya Petard ikaigundua I-27, nayo ilikuwa imejificha chini, karibu na pale meli ilipozama, na juu yake walikuwa wanaelea watu wakishikilia mbao na maboya. Wakaiona manowari ikija. Wengine wakadhani inakuja kuwaokoa.

Bomu la kina humuua mtu aliye majini hata likiwa mbali naye kiasi, kwa kuwa maji hayabonyei kama hewa. Mshindo hupita ndani ya mwili ukapasua matumbo na mapafu, ngozi ikabaki nzima. Egan na mabaharia wake walilijua hilo. Walipita, wakatupa, wakageuka, wakarudia. Watu waliokuwa wameponea chupuchupu meli ilipozama waliuawa na wenzao.

Je, alikosea? Upande mmoja wa mizani kulikuwa na meli nne zenye maelfu ya watu, na nyambizi yenye torpedo bado. Kama Petard ingesimama kuokota watu, yenyewe na Paladin zingekuwa shabaha zilizotulia, na I-27 ingeweza kuwafuata waliosalia usiku. Kwa kanuni ya msindikizaji (swali la 2) hakuwa na njia nyingine, na kwa jinsi silaha ile inavyofanya kazi (swali la 3) hakuwa na namna ya kupita pembeni. Mimi naamini aliamua sawasawa. Pia naamini familia ya askari aliyekuwa pale majini haidaiwi kukubaliana nami, wala haifai kufichwa jambo hili ili Petard ibaki na sifa safi. Nimeona simulizi zinazolipita kwa sentensi moja zikakimbilia ushindi. Waliokufa hivyo walikuwa hai, wakiogelea, na wamekwisha kuiona meli ya upande wao.

12. I-27 ilizamishwaje?

Mabomu yaliilazimisha kupanda juu. Ilikuwa nyambizi kubwa, yenye urefu wa kama mita 109, kuipita Petard yenyewe. Manowari zote mbili zikaifyatulia mizinga. Paladin ikaelekeza omo kuigonga, lakini Egan akaizuia, maana kugonga chuma kikubwa vile kungeiangamiza Paladin pia. Paladin ikakata kona, ila ilikuwa karibu mno: pezi la nyambizi likalichana tumbo lake, maji yakaanza kuingia, ikasimama.

Petard ikabaki peke yake. Makombora ya mizinga yake ya inchi nne yalipasukia juu ya gamba la I-27 bila kulitoboa. Ikatumia torpedo, moja baada ya nyingine. Sita zikapita pembeni. Ya saba ikapata, na I-27 ikakatika ikazama kabla jua halijatua, na karibu mabaharia wake wote, yapata 100. Mmoja aliokolewa na kuchukuliwa mateka. Baada ya hapo Petard iliivuta Paladin hadi kisiwa cha Addu, pamoja na walionusurika.

13. Walikufa wangapi, na walipona wangapi?

Walikufa 1,297. Walipona 214: wanaume 208 na wanawake 6. Wanawake 77 waliokufa ndio idadi kubwa kuliko zote ya wanawake wanajeshi wa Jumuiya ya Madola kupotea katika tukio moja. Kwa vifo vya meli za abiria za Uingereza katika vita vile, tukio hili linahesabiwa la tatu kwa ukubwa.

14. Mbona Hawkins na zile meli nyingine hazikurudi kuokoa?

Zingeongeza shabaha tu. Amri ya msafara ulioshambuliwa ilikuwa kutawanyika na kwenda. Hawkins, kubwa na nzito, haikuwa meli ya kuwinda nyambizi. Meli zote nne zilifika Colombo.

## Maswali ya pembeni

15. Babu yetu alikwenda na meli ya Kilindini hakurudi. Tutatafutaje jina lake?

Anzia kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo hutafutwa mtandaoni bila malipo. Weka tarehe 12 Februari 1944 na jina la kikosi, "East African Artillery". Usitegemee tahajia moja ya jina. Majina ya askari mara nyingi yaliandikwa na karani kama alivyoyasikia, na jina la baba linaweza kuwa ndilo limeshika nafasi ya ukoo. Jaribu Mutua, Mutuwa na Mtua. Jaribu Juma bin fulani na Juma peke yake. Namba yake ya jeshi, kama ipo kwenye barua au kipande cha zamani, ina nguvu kuliko jina.

Waliokufa ndani ya Khedive Ismail hawana makaburi. Kuna Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, wenye majina ya askari wa meli hiyo. Lango huwa wazi kwa wageni. Ukienda, chukua karatasi na penseli upate chapa ya jina ili wazee waliobaki nyumbani waliguse kwa mkono.

16. Khedive Ismail ilikuwa meli ya Misri?

Ndiyo na hapana. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Vita vilipokuja, Waingereza waliichukua wakaifanya meli ya askari.

17. Kamanda wa I-27 alikuwa nani, na ni kweli aliwapiga risasi waliokuwa majini?

Alikuwa Toshiaki Fukumura, na kituo chake kilikuwa Penang. Katika mashambulizi ya awali nyambizi yake ilishutumiwa kuwafyatulia risasi manusura wa meli za mizigo. Tarehe 12 Februari haikufanya hivyo. Ilipopanda juu ilikuwa yenyewe inafyatuliwa risasi. Vifo vya majini siku ile vilitokana na kuzama na mabomu yaliyoelezwa katika swali la 11, na ni vyema visihamishiwe kwa Wajapani.

18. Petard iko wapi leo?

Haipo. Baada ya vita iliwekwa akiba, ikabadilishwa kuwa frigeti katika miaka ya 1950, na mwaka 1967 ikapelekwa Bo'ness, Scotland, ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu.